Saa Inayoshika Majira: Wakati wa Setilaiti na Istilahi Zake katika Upimaji wa Mitandao

Muda ambao pakiti ya data huchukua kutoka ncha moja ya mtandao hadi nyingine huonekana kuwa kipimo chepesi, mpaka mpimaji anapojiuliza unapimwa kwa saa ipi. Pakiti ikitumwa kutoka Dar es Salaam na kupokewa Mwanza, saa ya kifaa kilichoko Dar es Salaam ndiyo huandika wakati wa kuondoka na saa ya kifaa kilichoko Mwanza ndiyo huandika wakati wa kufika. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili huitwa ucheleweshaji wa njia moja, na ndani yake, pamoja na safari halisi ya pakiti, imo tofauti yoyote iliyopo kati ya saa hizo mbili. Mwanga hupita ndani ya faiba kwa takriban maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, yaani sehemu 5 za milioni za sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 1,000 humaliza kama milisekunde 5; iwapo saa ya Mwanza iko nyuma kwa milisekunde 6, kifaa kitatoa ripoti kwamba pakiti ilifika kabla ya kutumwa. Ripoti ya namna hiyo angalau hujifichua yenyewe. Yenye hatari zaidi ni ile ambayo saa yake imekosea kidogo tu, kwa sababu hutoa namba inayoaminika kwa urahisi na isiyo ya kweli.

Wengi huikwepa taabu hii kwa kupima safari ya kwenda na kurudi, ambapo saa moja hutosha kwa kuwa kifaa kilichotuma ndicho kinachopokea jibu, kisha namba inayopatikana hugawanywa kwa mbili. Mgawanyo huo umebeba dhana kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi ni sawa, na dhana hiyo haithibitishwi na kipimo chenyewe. Mikongo mingi hujengwa kwa umbo la pete ili ikatikapo upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili, na katika pete ya namna hiyo pakiti huweza kwenda kwa njia fupi na jibu likarudi kwa njia ndefu bila mtumiaji kuona tofauti yoyote. Mtandao hauwezi kuwa shahidi wa mwendo wake wenyewe. Anahitajika shahidi wa nje, asiyepita katika nyaya zile zile zinazopimwa, na hapo ndipo setilaiti zinapoingia katika kazi ya fundi wa mitandao.

Kabla ya kuzifuata setilaiti, lugha yenyewe inahitaji kutazamwa. Katika Kiswahili, neno saa hutaja chombo, hutaja kipindi cha dakika 60, na hutaja pia wakati unaosomwa kwenye chombo hicho, na mazungumzo ya kila siku hayapati shida kwa hilo. Lugha hiyo hiyo imehifadhi usemi wa zamani ulio sahihi zaidi: saa nzuri hushika majira, na saa iliyopotea hutiwa majira. Usemi huu hutenganisha chombo na kile ambacho chombo kinakifuata, na utengano huo ndio msingi wa istilahi zote za fani hii, kwa kuwa kila neno linaloonekana kwenye skrini ya kifaa cha kupimia hueleza ama chanzo cha majira, ama kiwango cha kuyashika, ama muda ambao chombo kinaweza kuendelea kuyashika baada ya chanzo kutoweka.

Kusema kwamba saa mbili zinalingana ni kusema jambo moja kati ya matatu, na anayeyachanganya matatu hayo hataelewa ripoti yoyote ya upimaji. Wapiga ngoma wawili walio mbalimbali wanaweza kupiga kwa kasi ile ile bila mapigo yao kuangukia pamoja; wanaweza kupiga kwa kasi ile ile na mapigo yakaangukia pamoja, ilhali mmoja yuko ubeti wa pili na mwenzake ubeti wa tatu; na wanaweza kulingana kwa kasi, kwa pigo na kwa ubeti. Ulinganifu wa kwanza ni wa marudio, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wa pili ni wa fezi, neno ambalo mafundi wa umeme wamekwisha kulizoea, na hapa lina maana ya mahali mpigo unapoanguka. Wa tatu ni wa wakati wenyewe, yaani tarehe, saa, dakika na sekunde. Mnara wa simu huhitaji marudio yasiyokosea zaidi ya sehemu 50 katika bilioni ili sauti na data zibaki kwenye mawimbi yaliyopangiwa. Minara ya teknolojia ambayo hutuma na kupokea kwa zamu katika mawimbi yale yale, kama ilivyo sehemu kubwa ya mitandao ya 5G, huhitaji pia fezi, na kiwango kinachotajwa ni kutopishana na rejeo la pamoja kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5, kwa sababu mnara mmoja ukiwahi zamu yake utakuwa ukipaza sauti wakati jirani yake anasikiliza simu dhaifu ya mteja. Ethaneti iliyolinganishwa, ambayo hupitisha mapigo ya saa katika mkondo wa biti zenyewe, hutoa marudio mazuri sana lakini haisemi lolote kuhusu fezi wala wakati. Kifaa kinachoonyesha kwamba kimelinganishwa kwa njia hiyo hakijathibitisha chochote zaidi ya kasi ya ngoma.

Chanzo cha majira kwa vifaa vingi vya kupimia ni makundi manne ya setilaiti: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Setilaiti za GPS huzunguka katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa za atomi, ambazo hazitegemei pendulo wala kristali peke yake bali mtetemo wa atomi usiobadilika. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefasiliwa kuwa muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya seziamu. Kipokezi kilicho ardhini hakijui mambo manne, yaani mahali pake katika pande tatu na kosa la saa yake, na kwa hiyo huhitaji setilaiti nne ili kuyapata yote kwa pamoja. Mtumiaji wa ramani ya simu hulichukua jibu la mahali na kulitupa jibu la saa. Fundi wa mitandao hufanya kinyume chake, na hii ndiyo sababu kipokezi cha majira hutofautiana na kipokezi cha ramani ingawa vyote viwili husikiliza mawimbi yale yale. Hata nadharia ya Einstein imo ndani ya hesabu hii: saa iliyoko kwenye obiti hukimbia kuliko ya ardhini kwa takriban maikrosekunde 45 kwa siku kutokana na udhaifu wa mvutano wa dunia, na huchelewa kwa takriban 7 kutokana na kasi ya setilaiti, na tofauti ya 38 hivi inayobaki hurekebishwa kabla setilaiti haijarushwa kwa kuipunguzia saa yake mwendo kidogo.

Wakati unaotoka angani, hata hivyo, hauna jina moja. Wakati wa atomi wa kimataifa, TAI, hukusanywa kutokana na mamia ya saa za maabara duniani na hautiwi nyongeza wala punguzo. UTC, ambayo ndiyo msingi wa saa za kiraia, hutembea kwa sekunde zile zile lakini tangu mwaka 1972 imekuwa ikiongezewa sekunde ruka, yaani sekunde moja ya ziada, kila mzunguko wa dunia unapoachana nayo. Sekunde 27 za aina hiyo zimekwisha kutiwa, ya mwisho ikiwa mwishoni mwa Desemba 2016. Wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, siku ambayo UTC ilikuwa nyuma ya TAI kwa sekunde 19, na tangu hapo haujapokea sekunde ruka hata moja. Kwa sababu hiyo wakati wa GPS uko mbele ya UTC kwa sekunde 18, nao wakati wa TAI uko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Namba hizi zinafaa kukaa kichwani mwa kila mpimaji, kwani vifaa viwili vinapopishana kwa sekunde 18, 19 au 37 kamili, hakuna kilichoharibika katika mtandao: kimoja kimewekwa kusoma wakati wa aina moja na kingine wakati wa aina nyingine. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hatua mbili zaidi, kwa kuwa tukio lililoandikwa na kifaa kuwa la 05:00 kwa UTC huonekana kwenye kompyuta ya Nairobi au Dodoma kuwa la 08:00, na mhudumu wa zamu atalitaja kuwa la saa mbili asubuhi. Daftari la hitilafu lisilosema limeandikwa kwa hesabu ipi huweza kuwapeleka mafundi kutafuta kosa katika saa ambayo halikutokea.

Mwaka 1980 uchaguzi wa kuhesabu wiki za GPS kwa tarakimu 10 za mfumo wa jozi, zinazotosha wiki 1,024 tu, huenda ulionekana kuwa na nafasi tele. Hesabu hiyo ilijaa na kuanza upya Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na itajaa tena mwaka 2038. Kipokezi cha zamani ambacho programu yake haikurekebishwa hurudi nyuma kwa miaka 19 na miezi kadhaa. Kinachovutia katika kasoro hii ni kwamba kipokezi kilichorudi nyuma hivyo huendelea kutoa marudio sahihi na fezi sahihi, mpigo wake ukianguka mahali panapostahili kila sekunde, ilhali tarehe yake ni ya enzi iliyopita. Tukio la tarehe 26 Januari 2016 lilikuwa la jamii hiyo hiyo. Setilaiti moja kongwe ya GPS ilipoondolewa kazini, vigezo visivyo sahihi vya kubadilisha wakati wa GPS kuwa UTC vilitangazwa na setilaiti kadhaa, na kwa saa nyingi vipokezi vilivyofuata vigezo hivyo vilikosea kwa maikrosekunde 13 hivi. Waliotafuta mahali walipo hawakuona tatizo lolote, kwa kuwa mahali hukokotolewa kwa wakati wa GPS wenyewe. Walioathirika ni wenye mitandao ya mawasiliano na matangazo ya kidijitali, watu ambao maikrosekunde 13 kwao ni karibu mara tisa ya kiasi kinachoruhusiwa kwa minara ya zamu.

Kipokezi kinapofungwa mahali pa kudumu, kazi yake ya kwanza ni kujipima mahali: huchukua vipimo vingi kwa muda wa saa kadhaa, hutafuta wastani wake, kisha huligandisha jibu. Baada ya hapo mambo matatu kati ya manne yamekwisha kujulikana, na setilaiti moja tu inayoonekana hutosha kuendelea kutoa majira. Kifaa kinachobebwa na fundi hakina anasa hiyo, na fundi anayewasha kipimo dakika mbili baada ya kuisimamisha antena huwa amechagua bila kujua kufanya kazi na majira dhaifu. Matokeo ya kipokezi hutoka kwa sura mbili ambazo hukutwa karibu katika kila kifaa: mpigo mmoja kwa sekunde, ambao ukingo wake unaopanda ndio unaotia alama ya mwanzo wa sekunde, na wimbi la megahezi 10, ambalo hutoa marudio. Mpigo husema sekunde imeanza lakini hausemi ni sekunde ipi, na kwa hiyo huhitaji kuambatana na ujumbe wa maandishi unaoitaja.

Waya wa antena unastahili maneno yake. Ishara husafiri ndani ya waya wa koaksia wa kawaida kwa takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, nanosekunde moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na kwa hiyo antena iliyoko juu ya paa kwa waya wa mita 30 huchelewesha majira kwa nanosekunde 150. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, huitaka saa rejea ya msingi ya daraja la kwanza isipishane na UTC kwa zaidi ya nanosekunde 100. Waya huo mmoja usioingizwa katika mipangilio ya kifaa hutosha kuivunja kanuni hiyo hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Kosa hili halitingishiki, halipandi wala kushuka, na kwa sababu hiyo grafu yake hupendeza macho.

Kwa nchi zilizo karibu na ikweta, anga lenyewe huongeza mzigo. Ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, huchelewesha mawimbi ya setilaiti, na ucheleweshaji huo ni mkubwa zaidi katika ukanda unaouzunguka mstari wa ikweta ya sumaku, ambao katika upande huu wa Afrika hupita juu ya Ethiopia. Kenya na Tanzania zimo ndani ya ukanda huo. Baada ya jua kuchwa tabaka hilo huweza kuvurugika na kuyafanya mawimbi yametemete kama nyota, hata kipokezi kikapoteza baadhi ya setilaiti kwa muda. Kipokezi cha wimbi moja husahihisha ucheleweshaji huu kwa kanuni ya makadirio inayoondoa takriban nusu yake tu, ilhali kile cha mawimbi mawili huupima moja kwa moja, kwa kuwa kila wimbi hucheleweshwa kwa kiasi chake. Mnunuzi wa kifaa cha kupimia anayefanya kazi Lamu ana sababu nzito zaidi ya kudai mawimbi mawili kuliko mwenzake wa Stockholm, na ni jambo la kusikitisha kwamba zabuni nyingi hunakiliwa kutoka nchi ambazo anga lao halina tatizo hili.

Hapa hoja ya shahidi wa nje inarudi kwa uzito wake wote. Itifaki ya PTP, iliyowekwa kuwa kiwango kwa mara ya kwanza mwaka 2002, hupeleka wakati ndani ya mtandao wenyewe kutoka saa kuu hadi saa za pembezoni. Saa kuu hutuma ujumbe na kuandika wakati wa kuutuma. Saa ya pembezoni huandika wakati wa kuupokea, kisha hutuma ujumbe wake na kuandika wakati wa kuutuma, na saa kuu huandika wakati wa kuupokea huo. Kwa namba hizo nne saa ya pembezoni hukokotoa imepishana na saa kuu kwa kiasi gani, na hesabu hiyo hutoa jibu sahihi endapo tu safari mbili zilichukua muda ulio sawa. Safari zikitofautiana, nusu ya tofauti huingia moja kwa moja katika saa kama kosa, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kuliona, kwa kuwa milinganyo ni miwili na mambo yasiyojulikana ni matatu. Iwapo faiba ya kwenda na faiba ya kurudi zinapishana kwa mita 600 tu, labda kwa sababu fundi aliunganisha upya mkongo uliokatwa na mtambo wa barabara na kuacha akiba ndefu zaidi upande mmoja, tofauti ya safari ni maikrosekunde 3 na kosa la saa ni maikrosekunde 1.5, yaani ruhusa yote ya mnara wa zamu imeliwa na akiba ya waya ndani ya shimo. Vituo vya kati vinavyoitwa saa za mpakani, ambavyo hupokea wakati na kuutangaza upya, na vile vinavyoitwa saa pitishi, ambavyo huandika muda ambao ujumbe ulikaa ndani yao, huondoa ukosefu wa usawa unaozaliwa katika foleni za pakiti. Ule uliozikwa ardhini hubaki. Njia ya kuupata ni kusimama mwisho wa mkondo na kifaa ambacho majira yake yametoka angani, na kulinganisha mpigo wa saa inayopimwa na mpigo wa setilaiti.

Ulinganisho huo ndio unaozaa grafu na vifupisho ambavyo huwatisha wanaovikuta mara ya kwanza. Tofauti kati ya saa inayopimwa na rejeo, ikifuatiliwa tangu mwanzo wa kipimo, huitwa TIE. Tofauti kubwa kuliko zote inayoweza kupatikana ndani ya dirisha la muda fulani, popote dirisha hilo litakapowekwa, huitwa MTIE. Na TDEV hueleza ukubwa wa mtikisiko baada ya mwelekeo wa jumla kuondolewa. Mitikisiko ya haraka, inayozidi marudio 10 kwa sekunde, huitwa mtetemo, na ile ya polepole huitwa mtangatango. MTIE na TDEV husema mengi kuhusu uthabiti na hazisemi chochote kuhusu usahihi, kwa sababu hupima mabadiliko tu: saa iliyokosea kwa maikrosekunde 40 bila kutikisika hupata cheti safi. Kwa minara ya fezi hutakiwa vipimo vingine, yaani kosa la wakati lisilobadilika, ambalo ni wastani wake, na kosa la wakati linalobadilika. La kwanza hutoka zaidi kwenye nyaya na faiba zisizo sawa, la pili kwenye foleni na joto. Neno usahihi limetumika ovyo katika matangazo ya vifaa, na mnunuzi makini huuliza kila mara ni lipi kati ya haya linalokusudiwa.

Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na kifaa kidogo cha kuyazima kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari hutosha kuyafunika. Mwaka 2013 tume ya mawasiliano ya Marekani ilipendekeza kumtoza faini ya karibu dola 32,000 dereva aliyekuwa akikitumia kifaa kama hicho ili mwajiri asijue gari lilipo, na mawimbi yake yakavuruga mitambo ya kuongozea ndege katika uwanja wa Newark. Setilaiti zinapotoweka, kwa kisa kama hicho au kwa sababu mpimaji ameingia katika chumba cha chini ya jengo, saa hubaki na kumbukumbu yake tu. Hali hii kwa Kiswahili yafaa kuitwa kushikilia majira, ili itofautiane na kushika, ambalo ni tendo la saa yenye chanzo, na pia na kwenda ovyo, ambayo ni hali ya saa isiyowahi kupata chanzo. Uwezo wa kushikilia hutegemea kiini cha saa. Saa inayokosea kwa sehemu moja katika bilioni hupotea kwa maikrosekunde 86.4 kwa siku, na kristali ya kwatzi iliyowekwa ndani ya tanuri dogo la kulinda joto lake hufanya vizuri zaidi ya hapo kwa mbali. Kiini cha rubidiamu kilichofunzwa vyema na setilaiti kwa siku nzima, kikibaki na kosa la sehemu moja katika bilioni 100, hupotea kwa takriban maikrosekunde 0.86 kwa siku, kiasi ambacho bado kinamwachia mpimaji nafasi ndani ya maikrosekunde 1.5 za mnara wa zamu. Namba za namna hii huandikwa kwa joto lisilobadilika, na gari lililoegeshwa juani Dodoma mchana si mahali pa joto lisilobadilika.

Kwa hiyo mpimaji anayelazimika kufanya kazi mahali pasipoona anga hukifunza kifaa chake nje kwa saa nyingi kadiri ratiba inavyoruhusu, huandika wakati hasa alipokitenga na antena, huingia ndani na kupima bila kukizima, kisha hurudi nje na kukifungulia anga tena, lakini hakiruhusu kujirekebisha papo hapo. Kwanza husoma kimepishana na setilaiti kwa kiasi gani. Ikiwa tofauti iliyosomwa baada ya saa tatu ni nanosekunde 90, ana kipimo halisi cha mtangatango wa safari hiyo, kwa joto la siku hiyo, na namba hiyo huiandika kando ya kila tokeo alilolipata ndani ya jengo.